Kifaa Hakilali Kimelowa

Maiti ilikuwa imekwama kwenye kisiki, uso umetazama chini, suruali yake ya mpira ya kupimia maji imejaa mpaka kifuani. Mto ulipita pembeni yake na haraka zake zote, mwekundu kwa mvua za juzi.

Inspekta alisimama ukingoni huku viatu vyake vikinywa tope. Alikuwa hajaoga vizuri tangu mwanzo wa juma. Bomba la nyumbani kwake lilikuwa linakohoa hewa tu, na asubuhi hiyo mkewe alimwambia kwamba kama hatarudi na maji, basi arudi na mke mwingine wa kumchotea. Na hapa maji yalikuwa yakipita bure, mengi, yamebeba majani na mzee wa watu.

"Mtoeni taratibu," alisema. "Hana haraka tena."

Koplo, msaidizi wake, alikwisha kuvua viatu na kuingia kwenye tope kabla hajaambiwa. Alikuwa binti mwenye kuipenda kazi yake, na hata jambo hilo lilimchosha Inspekta.

Marehemu hakuhitaji kutambuliwa. Ofisi nzima ya maji, kuanzia tarishi mpaka mkurugenzi, ilimwita Mzee Subiri. Yeye ndiye aliyeongoza utafiti wa kujua mji utapata wapi maji ya kutosha miaka ijayo, na kila aliyemuuliza matokeo alijibiwa neno moja: subiri. Watu walimtania kwamba subira huvuta heri, lakini ya kwake itawavutia kiu.

Asubuhi hiyo alikuja mtoni na watu wawili. Dereva alibaki kwenye gari kule barabarani, akalala. Wa pili, Mpimaji, alikuwa amekaa juu ya jiwe, amelowa chapachapa, anatetemeka. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, na kazi yake ilikuwa kupima mito pamoja na marehemu.

"Wewe ndiye uliyemwona?" Inspekta alimuuliza.

"Mimi, afande."

"Ilikuwaje?"

"Nilimwacha hapa anajiandaa. Nikaenda kule juu kusoma kipima mvua. Kurudi, hayupo. Nikashuka na ukingo, nikamkuta hapo kwenye kisiki. Nimeingia kumvuta, maji yamenishinda."

"Aliingia peke yake kwenye maji kama haya?"

"Mzee alikuwa mbishi, afande. Labda aliona nachelewa."

"Bila kamba?"

"Ile pale. Hakujifunga."

Kamba ilikuwa ukingoni, imekunjwa vizuri, kulabu yake juu. Ilikuwa imelowa, lakini manyunyu yalikuwa yanaanguka tangu alfajiri na kila kitu pale kilikuwa kimelowa: kamba, mkoba wa marehemu, chupa ya chai, hata sigara ambayo Inspekta alikuwa ameahirisha kuivuta.

Kando ya kamba kulikuwa na sanduku la mbao. Koplo alivaa glavu, akalifungua. Ndani kulikuwa na kifaa cha kupimia kasi ya maji, kifimbo cha chuma chenye kifeni kidogo cha shaba. Kiling'aa, na kilinukia mafuta. Chini yake palikuwa na kitambaa chenye doa bichi la tope jekundu.

"Kinatunzwa kuliko mimi," Inspekta alisema. "Funga. Chukua vyote, kielelezo kimoja kimoja."

Akaandika kichwani mwake: ajali. Lilikuwa neno jepesi, na alilihitaji.

*

Neno hilo lilidumu mpaka alipofika nyumbani kwa marehemu.

Viti vilikwisha kupangwa uani. Wanawake walikuwa wanaingia wakijifunga kanga viunoni, wanaume wamekaa kimya wakitazama ardhi. Mpimaji alikuwa amefika kabla ya polisi, amebadili nguo, naye alikuwa anabeba ndoo za maji kutoka kwenye gari la ofisi na kuyamimina kwenye mapipa ya jikoni. Alipomwona Inspekta aliinamisha kichwa, akaendelea na ndoo zake.

Mjane alimpokea Inspekta chumbani. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, macho makavu, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Pole sana, mama."

"Nimepoa. Nina swali moja tu, baba, usinizungushe. Alikuwa na kamba?"

"Kamba tumeikuta ukingoni, mama. Imekunjwa."

Inspekta aliona mikono yake ikikunja upindo wa kanga, ikikunjua, ikikunja tena.

"Tulipooana nilimwambia, mimi siolewi na mto. Akaniapia. Hataingia majini bila kamba na mtu wa kuishika, hata maji yakiwa ya kifundoni. Miaka yote hiyo nalala usingizi kwa sababu ya kiapo hicho." Alimtazama Inspekta usoni. "Sasa mnaniambia alikuwa ananidanganya?"

"Sijasema hivyo."

"Basi nenda kaulize vizuri. Kufa, kila mtu atakufa. Lakini nisije nikamzika mume na nikamzika mwongo siku moja."

Inspekta alihisi aibu kwa lile neno lake jepesi. Akauliza yale maswali ya kawaida ambayo polisi huuliza ili wasiondoke mikono mitupu.

"Siku hizi alikuwaje? Ana hofu? Ana ugomvi?"

"Alikuwa na furaha. Juzi alikuwa anacheka peke yake kitandani. Namuuliza, anasema, 'Mke wangu, mji huu utanichukia. Nitauchimbua barabara zote, vumbi mpaka kwenye sufuria.' Akageuka akalala." Alinyoosha shuka kwa kiganja. "Kazini alikuwa bubu, lakini kitandani hakuwa na siri."

Nje, Koplo alikuwa anamsubiri kando ya gari.

"Daktari amepiga simu, mkuu. Amekufa maji, mapafu yamejaa. Hakuna jeraha la kupigwa. Lakini ana michubuko kiunoni na chini ya mbavu, ya upana wa mkanda aliokutwa nao, wenye pete ya kunasia kulabu ya kamba. Mingine imeingia mpaka kwenye nyama. Anasema mkanda ulivutwa kwa nguvu, na alivutwa akiwa hai."

"Mto hauvuti mkanda."

"Mto unamvuta mtu. Mkanda unavutwa na kamba."

Inspekta alipumua. Lile neno jepesi likamtoka kichwani, na mahali pake pakaingia uchovu mwingine, mkubwa zaidi.

*

Ofisi ya utafiti, walikokwenda kesho yake asubuhi, ilikuwa chumba kimoja kirefu, meza nne, karatasi mpaka sakafuni. Ukutani palikuwa na ramani ya bonde, na katikati ya bonde mtu alikuwa amepaka rangi ya buluu eneo kubwa lenye vitongoji vitatu ndani yake.

Mchumi wa timu alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Ofisi nzima ilikwisha kumwambia Koplo kwamba juma lililopita huyu na marehemu walirushiana maneno mpaka karani akatoka nje.

"Mligombana nini?" Inspekta alimuuliza.

"Nilitaka aniambie anachopendekeza, niandike sura ya mwisho. Ripoti inatakiwa, wakubwa wananipigia mimi simu, na yeye, 'subiri.' Nikamwambia jina la utani lisigeuke ugonjwa."

"Mlikuwa mnachagua kati ya nini na nini?"

"Njia nne. Bwawa, hilo la buluu. Visima virefu kule kaskazini. Kufumua mabomba yote ya mji na kuyaweka mapya, maana nusu ya maji tuliyonayo yanavujia ardhini. Na ya nne, kutofanya kitu."

"Kutofanya kitu nayo ni njia?"

"Lazima iwemo. Kila utafiti wa namna hii unaipima pia, ili watu waone hasara yake."

"Njoo kwangu nikuoneshe. Mimi naishi ndani yake."

Mchumi alitaka kucheka, kicheko kikamgeukia, akafuta macho kwa upande wa kiganja.

"Kwa nini alificha chaguo lake?" Inspekta aliuliza.

"Ndiyo taratibu yake. Alisema, mkubwa akishasema anataka nini, vijana wanaanza kumpimia anachotaka. Mto unaongezeka kidogo hapa, unapungua kidogo pale, si kwa ubaya, kwa mapenzi tu. Kwa hiyo mpaka kipimo cha mwisho kiingie, yeye bubu. Na cha mwisho kilikuwa cha jana. Maji ya mvua. Alasiri angetuita hapa atuambie." Aliitazama meza tupu ya marehemu. "Nilikuwa nimebaki na njaa makusudi, tule pamoja. Ingawa kula na hao watu kazi. Wakirudi kutoka mtoni hawagusi hata chai mpaka kifaa kifutwe, kipakwe mafuta, kilazwe. 'Kifaa hakilali kimelowa.' Mvua inanyesha, mna njaa, wao wanafuta."

Inspekta alikuwa amekwisha kugeuka kwenda mlangoni. Akasimama.

"Wanafuta palepale mtoni?"

"Palepale. Nyumba ingekuwa inaungua, Mzee angefuta kifaa kwanza."

Alirudi kwenye kiti, akakaa bila kukaribishwa. Alikiona tena kichwani kile kifaa kikiwa kinang'aa ndani ya sanduku, kitu pekee kikavu katika ukingo mzima. Akaliona na doa jekundu la kitambaa.

"Koplo," alisema, "kama mtu hajaanza kupima, kitambaa kitapata wapi tope la jana? Na kama alikwisha kupima, akafuta, akapaka mafuta, akafunga sanduku, alirudi majini kutafuta nini?"

Koplo alikuwa ameanza kuandika.

Dereva walimkuta uani mwa ofisi akifuta kioo cha gari ambacho kilikuwa safi. Alikuwa mnene, mpole, na alijua kwamba usingizi wake umemponza.

"Nyinyi watatu mmezunguka bonde lile muda gani?"

"Mwaka sasa, afande."

"Mnakula wapi?"

"Kwa mama yake Mpimaji. Anakaa kulekule bondeni, kitongoji cha kati. Hatuwezi kupita bila chai, atatununia. Mzee alikuwa anampenda sana yule mama."

"Kitongoji cha kati. Kwenye ramani kimepakwa buluu?"

Dereva aliacha kufuta kioo. "Kimepakwa," alisema.

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti vitatu na dirisha lililopigwa misumari. Koplo alisoma onyo, Mpimaji akasema ameelewa na hahitaji wakili. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Umekula, kijana?"

"Hakipiti, afande."

"Hata mimi. Hebu nieleze kazi yenu. Mimi mjinga wa maji, ya kwangu hayatoki."

"Mmoja anaingia na kifaa. Mwingine anashika kamba ukingoni, anaandika namba anazotajiwa."

"Ikiwa mto mdogo?"

"Hata mdogo. Mzee haingii bila kamba."

Alisema bila kufikiri, kama mtu anayetaja jina lake. Kisha akasikia alichosema. Koplo aliinua kalamu, akaishusha.

"Na mkimaliza?" Inspekta aliendelea, sauti ileile.

"Tunafuta kifaa."

"Kabla ya chai?"

"Kabla ya kila kitu."

"Jana nani alikifuta?"

Mpimaji alitazama mikono yake. Aliitazama kwa muda mrefu, mbele na nyuma.

"Kitambaa kina tope la jana," Inspekta alisema. "Kiuno cha Mzee kina alama za kamba. Na kamba yenyewe imekunjwa kama inapelekwa dukani. Nimechoka, mwanangu. Na wewe naona umechoka. Nani alikifuta?"

"Nitakuwa mimi."

"Huna hakika?"

"Sikumbuki kukifuta. Naapa, afande, sikumbuki. Kamba nakumbuka. Nilimfikia kwenye kisiki, nikamfungua kulabu, nikaikunja ili ionekane hakujifunga. Lakini kifaa... Mikono ilifanya yenyewe. Yeye ndiye aliyenifundisha."

"Anza mwanzo."

Alianza taratibu, na baadaye hakuweza kusimama.

"Tulipima vizuri. Maji yalikuwa mengi, sijawahi kuyaona mengi vile. Nilikuwa naandika namba na mkono unakufa ganzi, kwa sababu najua maji mengi maana yake nini. Maana yake bwawa linajaa. Mama yangu yuko pale, afande. Baba amezikwa nyuma ya jiko. Mama kila asubuhi anafagia pale kaburini, anamwambia habari za jana. Ukimhamisha yule atakufa njiani. Mwaka mzima namuuliza Mzee, na mwaka mzima ananiambia subiri. Anakunywa chai ya mama, anasifu, mama naye anamuuliza, 'Baba, tuhame au tupande?' Anamwambia subiri."

"Jana ulimuuliza tena."

"Alikuwa bado majini, amemaliza. Nikamwita, 'Mzee, kwa maji haya ni bwawa, siyo?' Akacheka. Alicheka, afande! Akasema, 'Subiri alasiri, mwanangu.' Nikaona hicho kicheko ndicho jibu. Hapohapo mguu ukateleza."

"Halafu?"

"Alininyooshea kifaa kwanza. Maji yamemfika hapa, ananiambia, 'Shika kifaa!' Nikakishika. Mkono mmoja kifaa, mkono mmoja kamba. Maji yakamchukua, kamba ikakaza, nikashika. Nilishika sana. Alikuwa ananitazama tu, hana wasiwasi, anasubiri nimvute. Na mimi nikawaza: huyu akifika ukingoni, mama anahama."

Mahali fulani koridoni mtu alifungua bomba, likakoroma, akalifunga.

"Sikumsukuma," Mpimaji alisema.

"Hapana."

"Nilifungua mkono tu."

"Mkono upi?"

Mpimaji aliinua wa kulia. Kiganja kilikuwa na mchubuko mwekundu wa kamba, umekatiza kutoka kidole cha shahada mpaka kwenye kifundo.

"Kifaa ungekiacha kianguke," Inspekta alisema polepole, "ungekuwa na mikono miwili."

"Najua. Nimelijua hilo usiku kucha." Akaanza kulia, bila sauti, mabega tu. "Nilikimbia ukingo mzima namwita. Nilitaka arudi. Hilo ni kweli, liandike nalo."

"Liandike," Inspekta alimwambia Koplo.

Angeweza kuishia hapo. Maelezo yalikuwa yametimia, sababu imejulikana, jalada lilikuwa tayari kwenda mahakamani. Lakini Mpimaji alifuta uso kwa mkono wa shati, akauliza kwa sauti ndogo:

"Ripoti itaandikwa na Mchumi sasa. Labda yeye hatachagua bwawa. Labda mama atapona, afande?"

Inspekta alimchukia kidogo kwa swali hilo, kwa sababu alikuwa na jibu.

"Mzee alikwisha kumwambia mkewe. Alisema mji utamchukia kwa vumbi. Alikuwa anakwenda kuchimbua barabara zote."

Mpimaji alikuwa mtu wa kazi hiyo. Hakuhitaji kufafanuliwa. Inspekta aliliona neno likimfikia, likizama.

"Mabomba," Mpimaji alisema.

"Mabomba."

"Hata kwa maji yale yote?"

"Nadhani alikwisha kuona kwamba maji mengi kwenye mabomba yanayovuja ni hasara kubwa zaidi. Mimi si mtaalamu. Lakini alikuwa anacheka kitandani."

"Mbona hakuniambia? Neno moja tu. Pale majini, neno moja."

"Kwa sababu kipimo cha mwisho kilikuwa bado hakijaingia. Ulikuwa nacho wewe mkononi."

Mpimaji aliweka kichwa mezani. Alipozungumza tena, sauti ilitoka chini ya mikono yake.

"Basi mama hahami."

"Hahami."

"Nitakayehama ni mimi."

Koplo alimsogezea maelezo. Mpimaji alisoma kila ukurasa, kama alivyofundishwa kusoma kila karatasi kabla ya kuitia sahihi, na mahali ambapo Koplo alikosea kuandika jina la mto alimwomba kwa adabu arekebishe.

*

Inspekta alikwenda mwenyewe kwa mjane, peke yake. Koplo alitaka kumsindikiza, akamwambia akalale, ujana nao una kikomo.

Uani watu walikuwa bado wengi. Mjane alimwona akiingia, akainuka kutoka mkekani, akampeleka jikoni ambako hapakuwa na mtu.

"Nimeuliza vizuri, mama," Inspekta alisema. "Alikuwa na kamba. Alijifunga, kama siku zote. Hakukudanganya hata siku moja."

Mwanamke alifumba macho. Alikaa hivyo, ameegemea ukuta, na kwa mara ya kwanza machozi yakamtoka, naye hakuyafuta. Inspekta alitamani mazungumzo yaishie hapo, aende zake, akatafute maji ya mke wake.

"Asante, baba," mjane alisema. Halafu akafumbua macho. "Nani alikuwa ameishika?"

Akamwambia. Alimwambia yote, na kitongoji, na kaburi nyuma ya jiko, na mkono mmoja, na mabomba, kwa sababu mwanamke huyu alikwisha kusema asizungushwe.

Mjane hakupiga yowe. Aligeuka akatazama mapipa matatu yaliyokuwa kando ya jiko, yamejaa mpaka ukingoni, yamefunikwa kwa masinia ili yasiingie vumbi. Yule kijana alikuwa ameyajaza tena alfajiri hiyo, akayafunika mwenyewe.

"Maji haya ni yeye aliyeyaleta," alisema.

"Najua, mama."

Alifunua pipa la kwanza. Alishika ukingo wake kwa mikono yote miwili, na Inspekta akasogea pembeni, akidhani atalipindua. Lakini uani kulikuwa na watu wengi wasiokunywa kitu tangu asubuhi, na bomba la nyumba lilikuwa bado halijatoa maji. Mjane akachukua kata, akaanza kujaza birika.